Uzamili wa diplomasia na ushirikiano wa kimataifa: mliopita huko, tupeane uzoefu

Wakuu, habari za wikendi. Kila dirisha la maombi likifunguliwa, vijana wananifuata inboksi: masta ya uhusiano wa kimataifa inalipa? Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Mliopita huko leteni ya kwenu.

Naanza. Nilichukua stashahada ya uzamili pale Kurasini, Dar, chuo kilichoanzishwa na Tanzania na Msumbiji mwaka 1978. Siku hizi kinabeba jina la Dk. Salim Ahmed Salim, waziri mkuu wa zamani wa Tanzania. Nadharia ziliniingia kiasi. Kilichonikolea ni kwa nini Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977: Nyerere hakukubali kukaa meza moja na Amin, na mgawanyo wa faida nao ukawa ugomvi. Ukielewa hapo, hushangai Mkataba wa 1999 ulioifufua Jumuiya kutaka wakuu wa nchi waamue kwa maafikiano. Ajira? Wizara ya Mambo ya Nje ni moja, wahitimu kibao.

Mdau wa Namanga: Mimi ni wakala wa forodha, masta nilisomea Nairobi, madarasa ya wikendi. Wenzangu waliandika tasnifu juu ya Umoja wa Mataifa, mimi nikaandika juu ya mahindi. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, malori yakajaa hapa mpakani. Siku chache baadaye yakaruhusiwa kwa masharti: muagizaji asajiliwe, mzigo uwe na cheti cha uasilia (kinachoonyesha nchi ulikotoka) na kingine cha kuonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Itifaki ya Soko la Pamoja, makubaliano ya Jumuiya ya bidhaa kupita mipakani kwa uhuru, inatumika tangu 2010, lakini aliyeamua lori lipite ni mtu wa maabara! Msimamizi wangu akaniuliza kama nimekosea njia ya kitivo cha kilimo. Leo nashauri wafanyabiashara wa nafaka, na kazi nimeipata kwa tasnifu hiyohiyo.

Dada wa Bujumbura: Mnasahau lugha. Mwaka 2021 Kiswahili na Kifaransa vilikubaliwa kuwa lugha rasmi za Jumuiya, mwaka uliofuata Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ikaingia. Ukiwa nazo hizo pamoja na Kiingereza, utaitwa mikutanoni hata kama masta yako ni ya kawaida.

Mdau wa Mwanza: Wanaoomba Chevening, ule ufadhili wa masta wa serikali ya Uingereza: wanataka uzoefu wa kazi wa miaka miwili, na ukimaliza unarudi nyumbani miwili mingine. Usiombe na joho bado mwilini.

Kijana wa Dodoma: Shikamooni wakuu. Mkuu wa Namanga, takwimu ulizipataje? Mimi maofisini wananizungusha.

Mdau wa Namanga: Marahaba. Nilianzia kwa madereva na mawakala wenzangu, maana nyaraka za mzigo wanazo wao. Ofisini nilienda mwisho, na maswali machache ambayo maafisa tu ndio wangeyajibu. Barua ya chuo tembea nayo, tena nakala kadhaa.