Bakteria wa salfeti kwa maji ya mgodi wa shaba: shimo liwe kubwa kiasi gani?

Mawe_Kijani: Wakuu, maji yanayochuruzika kutoka kwenye lundo la mabaki ya shaba yana pH 3.4, yaani yana asidi. Kwa lita moja kuna shaba mg 30, zinki 60, chuma 40, salfeti 900. Yanatoka lita 1 kwa dakika. Nichimbe shimo la ukubwa gani na nijaze nini? Maji ya jirani ya kuoshea dhahabu, yenye zebaki, naweza kuyaingiza humo humo?

Fundi_Majitaka: Mkuu, bakteria hawa hugeuza salfeti kuwa salfaidi, nayo hushika metali na kuzibakiza shimoni. Anza na mzigo wa metali, yaani kiasi kinachoingia kwa siku. Lita 1,440 kwa siku zinabeba kama moli 3 za metali (moli ni kipimo cha idadi ya atomu). Kitanda cha aina hii, yaani shimo lililojazwa chakula cha bakteria, hupangiwa takriban moli 0.3 kwa mita ya ujazo kwa siku, hivyo mita za ujazo 10 ni kima cha chini. Ila maji yakae humo siku 4, na nafasi kati ya vipande ni kama asilimia 40 tu. Chimba mita za ujazo 15.

Mchanganyiko kwa uzito: vipande vya mbao asilimia 50, kokoto za chokaa 30, samadi ya ng'ombe 10, nyasi kavu 10. Samadi huleta bakteria na chakula cha mwanzo. Mbao huoza polepole na kuwalisha kwa miaka. Vumbi la mbao peke yake hushikana, maji yakakosa njia.

Tandika plastiki nzito. Maji yaingie juu, yatokee chini kwa bomba lenye matundu, kisha mdomo wa bomba uinuliwe ili kitanda kibaki kimezama. Kikikauka, hewa huvunja salfaidi na metali hurudi majini.

Haraka ndiyo huharibu zaidi. Jaza maji safi, subiri wiki 3 hadi 4 mpaka kinuke yai viza na pH ipite 6, ndipo ufungulie robo ya mtiririko wa maji ya mgodi.

Kipimo_pH: Pima alumini kwanza. pH ikipanda hadi 5 huganda kama uji mweupe na kuziba kitanda, kwa hiyo ikiwa nyingi tanguliza dimbwi la chokaa unaloweza kulisafisha. Manganizi usitarajie itoke. Na mtu asiingie shimoni: haidrojeni salfaidi, gesi ile ya harufu ya yai viza, ikifika ppm 100 (sehemu 100 kwa milioni ya hewa) pua haiinusi tena, na inaua. Maji yanayotoka hayana oksijeni. Yapitishe kwenye ngazi za mawe yapate hewa.

Fundi_Majitaka: Zebaki, hapana kabisa. Baadhi ya bakteria hawa huigeuza methilizebaki, aina ya zebaki yenye sumu kali, ambayo hujilimbikiza kwenye samaki na kumfikia mlaji. Maji ya jirani yatuame kwenye dimbwi lake lenye plastiki, na tope lake lisiguse kitanda chako.