Ushauri: tuko 14, safari ya siku moja Civita di Bagnoregio, na mama magoti yanamsumbua

Wakuu, salaam.

Mwezi ujao ukoo wetu tutakuwa Roma, watu 14. Siku moja tumeitenga kwenda Civita di Bagnoregio, ule mji wa kale ulio peke yake juu ya kilima, unaofikiwa kwa daraja la miguu tu. Vijana wameshaamua. Ninachowaza ni mama: ana miaka 71, magoti yanamsumbua, na hataki kusikia habari ya kuachwa hotelini. Shemeji naye ana mtoto wa kwenye kigari. Tumpeleke mama, au tubadili mji? Naomba mawazo ya waliofika.

Mwendopole
Dada, nilifika huko na baba yangu. Daraja lina kama mita 300, na kipande cha mwisho kabla ya lango ni mpando mkali kwelikweli. Kupanda alijikaza. Kurudi ndiko kulikomshinda, maana goti bovu linauma zaidi ukishuka. Alishuka kinyumenyume, mikono yote miwili imeshika ukingo, hatua moja anapumzika, na pale darajani hakuna kivuli hata cha kujisitiri. Alinyamaza mpaka tulipofika Roma. Bado inaniuma.

Mpenda Reli
Mkuu, chagueni Orvieto. Nao ni mji wa kale juu ya mwamba, ila unafika kwa treni kutoka Roma, na ukitoka stesheni unakuta behewa dogo la kuvutwa kwa kamba linalopanda hadi juu. Mama anapanda amekaa. Kutoka hapo kuna basi dogo mpaka kanisa kuu, lililoanza kujengwa 1290. Uso wake wa mbele peke yake unatosha kumfanya mtu akae saa nzima.

Vijana nao wana Pozzo di San Patrizio, kisima alichochimbisha Papa Clement VII baada ya kukimbia Roma iliyotekwa 1527. Kina ngazi mbili zinazozunguka bila kukutana, nyumbu wa mizigo washukie huku bila mzigo na kupandia kule na maji. Ni vidato 248, na kila kimoja utakilipa wakati wa kupanda. Kigari cha mtoto kibaki juu.

Bint Safari
Kundi si lazima litembee kama msafara wa siafu. Kuna mabasi kati ya Orvieto na Bagnoregio, wenye miguu waende Civita, wengine wabaki. Ila msiende Jumapili bila kuhakikisha ratiba, na basi la mwisho la kurudi mlijue kabla hamjaondoka. Mkikodi gari, dereva asiingize mjini kiholela: miji hii ina maeneo yaliyofungwa kwa magari ya wageni na kamera zinapiga faini.

Halafu, umemuuliza mama mwenyewe anataka kuona nini?

Mwanzisha uzi
Nimemuuliza leo jioni, nikamwonyesha picha za miji yote miwili. Civita kaitazama kidogo. Nilipomweleza kwamba udongo wa chini unamomonyoka na Waitalia wanauita mji unaokufa, akasema, "Basi hao vijana wawahi." Alipofika kwenye picha ya kanisa la Orvieto, hakunirudishia simu kwa muda mrefu. Anataka kukaa mbele yake na mjukuu.

Tunagawanyika, Jumanne. Mwendopole, asante kwa kusimulia habari za mzee.