Duke wa mwisho wa Medici: ndugu watatu na hakuna hata mjukuu mmoja?

Guide_Njiro: Wakuu salama? Mi naongoza watalii hapa Arusha, nina wageni wametokea Firenze Italia, jana kambini wakapiga stori ya Gian Gastone, duke mkuu wa mwisho wa ukoo wa Medici aliyefariki 1737. Ukoo ulokuwa na hela za kukopesha mpaka wafalme ukaishia kwake, yani watoto watatu wa baba mmoja hakuna aliyeacha mtoto. Ilikuwaje? Na mali ilienda kwa nani? Kesho niko nao gari moja mpaka Karatu nataka tuongee vizuri.

Mwl_Majengo_Moshi: Kaka ukitaka kumwelewa huyo anza na wazazi. Baba yake Cosimo III alitawala Toscana, nchi ambayo Firenze ndo mji wake mkuu, toka 1670 mpaka 1723, mtu wa sala sana na kodi nyingi. Mama, Marguerite Louise, wa ukoo wa kifalme wa Ufaransa, ndoa ilimshinda, 1675 akarudi kwao akaacha watoto, Gian Gastone ana miaka minne tu. Mkubwa wao Ferdinando ndo alikuwa mrithi, akafa 1713 hana mtoto. Dada yao Anna Maria Luisa aliolewa Ujerumani, naye hakubahatika. Gian Gastone akaozeshwa 1697 mjane wa Kijerumani, mwanamke wa farasi na kuwinda, yeye mwenyewe mtu wa vitabu na mimea, wakakaa Bohemia (Ucheki ya leo) mbali huko hawaelewani, 1708 jamaa akarudi Firenze peke yake na mke akagoma kabisa kumfuata. Mzee Cosimo alivyoona hivyo 1709 akamvua mdogo wake ukardinali ili aoe wapate mtoto, yule naye kafika 1711 kafariki, patupu!

kijana_wa_sakina: Naongezea hapo, watu humsema Gian Gastone kwa ulevi na kwamba miaka ya mwisho hakutoka kitandani, ni kweli, ila sio haki kuishia hapo. Alipoingia tu 1723 alipunguza kodi za baba yake, akawatoa mapadri kwenye mambo ya serikali, na ni enzi zake 1737 mabaki ya Galileo, yule mwanasayansi wa nyota, yaliwekwa kaburi la heshima kanisa la Santa Croce, mtu aliyekufa tangu 1642 na kanisa lilikuwa limemkatalia. Kwangu mimi hilo ni jambo kubwa sana.

MamaK_Marangu: Wanangu mbona huyo dada mnampita haraka. Baba yake alitaka utawala uende kwake, baraza la Firenze likakubali 1713, Kaisari kule Vienna akakataa, na wakubwa wa Ulaya wakaanza kugawana Toscana mwenye nayo yuko hai. Mwisho akapewa Francis wa Lorraine, mume wa Maria Theresa wa Austria. Sasa Anna Maria Luisa, kaka kazikwa Julai, Oktoba 31 hiyo hiyo 1737 akasaini mkataba na watawala wapya: picha, sanamu, vitabu, vito, vyote nawapeni lakini visitoke Firenze, viwe pambo la nchi, faida ya wananchi na kivutio cha wageni. Huku kwetu Uchagani tumeona vihamba vingapi vinauzwa vipande vipande mzee akishaondoka kwa sababu hakuna alichoandika? Huyu mama aliandika, tena na masharti. Mi namheshimu kuliko wanaume wote wa ukoo ule.

Guide_Njiro: Shikamoo mama, asante sana. Kwa iyo vitu vya Uffizi, ile makumbusho ya sanaa ya Firenze, wanavyojivunia hawa wageni ni kwa ajili yake?

MamaK_Marangu: Marahaba mwanangu. Ndiyo, sehemu kubwa. Uffizi ilifunguliwa kwa wananchi 1769, yeye alishafariki Februari 18, 1743. Waulize wageni wako kuhusu tarehe hiyo, makumbusho ya manispaa kule Firenze huwa watu wanaingia bure kwa kumkumbuka.