Taa ya oili inawaka: swichi mpya, kompyuta au geji?

Dereva_Roysambu: Habari zenu wadau. Nina Probox, injini ya 1NZ. Jana kwenye foleni ya Thika Road taa nyekundu ya oili ilianza kumetameta injini ikiwa moto. Nikikanyaga mafuta inazima. Kijiti kinaonyesha oili iko sawa. Fundi mmoja anasema ninunue swichi ya presha Kirinyaga Road, mwingine anataka kuchomeka kompyuta ya kusoma makosa ya gari kwa shilingi 1,500. Nianzie wapi?

NyundoNaSpana: Kompyuta acha kabisa. Kwenye gari hilo swichi ya oili inawasha taa tu, haipeleki kipimo chochote. Utalipa uambiwe hakuna kosa, na taa bado inawaka.

MamaFielder: Mimi nilianza na swichi. Nilipochomoa plagi nilikuta oili ndani, imelowesha mpaka waya. Nikafunga mpya, huu mwaka wa pili taa haijarudi.

Fundi_Kariobangi: Mama, yako ilikuwa inavuja, ulifanya sawa. Ya huyu ndugu haijatoa dalili hiyo. Tena kuna kitu kinawapoteza wengi: mnachomoa waya, taa inazima, mnasema swichi imekufa. Swichi hii huunganisha umeme presha ikikosekana na kuukata presha ikipanda. Ukichomoa waya taa lazima izime, swichi iwe nzima au mbovu. Isipozima, basi waya umechubuka na unagusa bodi.

Ubishi unamalizwa na geji, yaani kipimo cha presha ya oili. Fungua swichi, funga geji mahali pake, acha injini ipate moto. Kwa 1NZ, ikinguruma taratibu presha isipungue psi 7 (psi ni kizio cha presha). Kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika isipungue 21. Ikifika, nunua swichi. Isipofika, hata ufunge swichi kumi taa itawaka tu: pampu imechoka, chujio ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) limeziba, au beringi zimelika. Na taa inayowaka injini ikiwa moto, kisha inazima ukikanyaga, mimi inanitia hofu. Tafadhali usiliendeshe kabla ya kupima.

NyundoNaSpana: Naunga mkono. Fundi mwenye geji atakuja mpaka nyumbani.

Dereva_Roysambu: Nimerudi. Gari sikuligusa, fundi amekuja leo asubuhi. Injini ikiwa baridi sindano ilipanda vizuri. Ilipopata moto ikashuka polepole, ikapita 7, ikatulia kwenye 4. Swichi tuliyoitoa haina kosa. Kesho tunashusha sampu.