Naomba ushauri: vifaa nisivyovijua kwenye waifai ya nyumbani

Wakuu, habari za jioni. Niko Nkuhungu, Dodoma. Kwangu tuna simu nne, tivii na kompyuta ya mke wangu, basi. Wiki hii intaneti imekuwa nzito mno, mtoto anashindwa hata kufungua masomo yake. Jana usiku nikaingia kwenye ruta kwa 192.168.1.1, nikakuta vifaa tisa! Vitatu havina jina, ni anwani ya MAC tu, yaani ile namba ya utambulisho wa kifaa kwenye mtandao.

Najua herufi na tarakimu sita za mwanzo huonyesha kampuni iliyotengeneza kifaa. Shida ni kwamba simu za kuanzia Android 10 hujificha kwa anwani ya kubuni, na hivi vitatu vyote herufi ya pili ni A au E, dalili ya anwani ya namna hiyo. Huenda hata ni simu zetu wenyewe zimejirudia.

Uani tuna wapangaji wenzetu, tunaishi vizuri, sitaki kumsingizia mtu. Nizime vyetu kimoja kimoja nione kinachobaki, au nibadilishe nenosiri na kuzima WPS (ile njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au PIN bila kuandika nenosiri) moja kwa moja? Aliyepitia hili anisaidie tafadhali.