Karakana ya useremala nyumbani Dodoma: chumba cha 3 kwa 4 kinatosha?

MbaoKavu_Nzuguni
Wakuu, habari za kazi. Nyuma ya nyumba hapa Nzuguni kuna eneo la mita 4 kwa 7. Nataka karakana ya vitanda vya 5 kwa 6, makabati ya nguo na milango. Vifaa ni msumeno wa meza, mashine ya randa, ruta (mashine ya kuchonga kingo na mifereji), drili na benchi la mita 1.8. Mbao ni za futi 12, plaiwudi za 8 kwa 4. Fundi ujenzi anasema chumba cha mita 3 kwa 4 kinatosha, panapobaki pawe ua. Ni kweli?

RandaNaPatasi
Hakitoshi, mkuu. Mtu akishaona mashine zimeingia anadhani amemaliza, kumbe kinachokula nafasi ni mbao ikiwa inatembea. Futi 12 ni mita 3.66. Unazihitaji mbele ya randa na nyuma yake pia, na mashine yenyewe ni kama 0.6. Jumla inakaribia mita 8, yaani hata eneo lako lote halifiki.

Dawa ni mlango. Jenga chumba chenye mita 4.5 za ndani kwa urefu, zinazobaki kama mita 2.2 ziwe banda la kuezeka bati tu, bila ukuta wa mbele. Katikati weka mlango wa mabawa mawili, usipungue mita 1.8. Randa ikae ndani, usawa wa bawa moja. Mbao inaingilia bandani, mkia wake ukitokeza mbele pasipo ukuta, na kutokea chumbani: 0.6 na 3.66 ni 4.26, kwa hiyo inaenea. Huko inakotokea weka stendi ya rola iliyo sawasawa na meza ya mashine. Ukiiacha ining'inie, mkia unanyanyuka na visu vinachimba bonde kwenye sentimita 5 hadi 10 za mwisho. Kwenye fremu ya mlango bonde hilo linaonekana hata ukishapaka vanishi.

Plaiwudi nzima usiipitishe kwenye msumeno wa meza humo ndani. Kuipasua kwa urefu kunataka mita 5.6, na ukibanwa utaanza kuipindisha ikwepe ukuta. Hapo inaubana msumeno na kurushwa kukurudia tumboni, jambo la hatari kabisa. Laza mbao nne za 2x4 chini bandani, plaiwudi juu yake, kata kwa msumeno wa umeme wa mkononi ukifuata rula iliyobanwa kwa klampu. Meno yatokeze milimita 3 tu upande wa chini. Vipande ndivyo viingie ndani.

Paina_na_Mninga
Naunga mkono, ila kimo nacho kipimwe. Plaiwudi kutoka kona hadi kona ni mita 2.73, kwa hiyo chini ya siling ya 2.4 huwezi kuigeuza ikiwa imesimama. Acha mita 3. Bati tupu lina joto kali mchana, gundi nyeupe inaanza kushika kabla hujamaliza kukaza klampu, hivyo kazi ya kuunganisha ifanyike asubuhi.

Upepo wa Dodoma kwa sehemu kubwa unatoka mashariki na kusini-mashariki. Banda likielekea magharibi, vumbi la mbao linatoka badala ya kurudishwa ndani. Angalia tu dirisha la jirani. Siku ya vanishi funga madirisha ya mashariki, maana kiangazi vumbi la nje linanata kabla vanishi haijakauka.

Rundo la mbao mbichi lisiingie kwenye hesabu ya chumba. Paina za Mafinga mara nyingi zinafika na maji, na jua letu linapasua ncha. Litafutie kivuli kando ya nyumba, mita 1 kwa 4, juu ya tofali kwa sentimita 30 ili mchwa wakijenga njia uione. Kati ya tabaka na tabaka weka vijiti vya inchi 1 kila sentimita 60, kila kijiti juu ya mwenzake, la sivyo mbao zitapinda. Ncha zipake rangi ya mafuta. Zilizokauka ndizo zining'inie kwenye mikono ya chuma ukutani, kina sentimita 40.

MbaoKavu_Nzuguni
Ahsanteni sana. Benchi nilitaka kuliegemeza ukutani. Na umeme, nikivuta ekstensheni ya mita 25 kutoka jikoni?

RandaNaPatasi
Benchi liweke nyuma ya msumeno wa meza, lipokee mbao. Liwe chini ya meza ya msumeno kwa milimita 5. Likizidi kwa juu, mbao inagonga ukingo na kukwama wakati msumeno unazunguka. Pembeni acha sentimita 90 za kupita.

WayaSabaNukta
Ekstensheni hapana. Mota ya 2 hp (nguvu farasi 2) inatoa kama wati 1500 ikiwa kazini na umeme inaokula unazidi hapo, tena inapowaka inavuta mara kadhaa zaidi. Waya mwembamba na mrefu unashusha volti, mota inanguruma bila kushika kasi, waindingi (nyaya zilizozungushwa ndani ya mota) zinaungua. Vuta waya wa milimita za mraba 4 kutoka bodi kuu, na breka yake peke yake. Soketi zikae mita 1.2 kutoka sakafuni, plaiwudi iliyoegemezwa isizifunike.

Waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, usiuache. Udongo wetu ukikauka haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo fundi umeme apime fimbo ya ethi Septemba au Oktoba, asipime Februari mvua ikiwa imenyesha.