Bustani ya kupumzikia Syokimau (karibu na Nairobi), udongo mweusi: tuanzie wapi?

Mama Boma: Habari zenu wadau. Nyuma ya nyumba, upande wa mashariki, kuna nafasi ya mita 9 kwa 6. Tunataka pa kuketi jioni na watoto, katikati ya mimea ya maua: strelizia, helikonia na franjipani. Udongo ni ule mweusi wa pamba: masika maji yanatuama, kiangazi unapasuka. Fundi anasema tuchimbe mashimo ya futi 3 tujaze udongo mwekundu. Ni sawa? Kitinda mimba ana miaka 2 na kila kitu anatia mdomoni.

Mkulima wa Maua: Dada, mashimo hayo yakatae. Udongo mweusi ukilowa haupitishi maji, kwa hivyo kila shimo litakuwa sufuria: mvua inaingia, haina pa kutokea. Franjipani ndiyo itatangulia kufa. Shina hulainika karibu na ardhi, ukiliminya unakuta ndani limekuwa kahawia na linanuka.

Inua matuta. Panga mawe ya kujengea ya Ndarugo ya inchi 9, safu mbili, upate kimo cha sentimita 45 hivi. Usiyaunge kwa simenti, kwa sababu udongo wa chini ukivimba na kunywea ukuta utapasuka. Isitoshe, maji yanatokea kwenye zile nafasi kati ya mawe. Changanya madebe 3 ya udongo mwekundu, 1 la samadi iliyooza vizuri na 1 la mchanga wa mto wenye chembe kubwa. Tuta la mita 6 kwa 1.2 linameza mita za ujazo 3.2. Agiza 4, maana udongo hushuka ukinyeshewa. Kisha chimba mfereji upande wa chini wa ploti, ushuke angalau sentimita 1 kwa kila mita.

Kitalu cha Jirani: Naongezea kuhusu mimea. Strelizia ya maua ya machungwa inaivumilia Nairobi vizuri, bora ipate jua kwa muda wa saa 5 au 6 kila siku. Iache mita 1 kati ya mche na mche, na usiifukie shingo, pale majani yanapotokea juu ya mizizi. Ile kubwa yenye maua meupe hupita mita 5, kwa hivyo ikae mbali na ukuta na mabomba. Helikonia ndiyo ngumu: baridi ya Juni hadi Agosti huidumaza na upepo huchana majani. Ukiitaka lazima, ipe kona iliyokingwa, yenye ukuta unaopigwa na jua.

Baba Pacha: Kwa huyo mtoto, oleanda usiilete kabisa, ya waridi wala ya manjano, hata kama ua wa jirani umejaa hiyo. Sumu yake hushika moyo. Brugmansia, yenye maua ya tarumbeta yanayoning'inia, pia hapana. Alokasia majani yake yanafanana na ya nduma na mtoto akiyatafuna ulimi unawaka na kuvimba. Franjipani ina utomvu unaowasha ngozi. Ipandwe tuta la nyuma, asikoweza kuvunja matawi.

Mahali pa kuketi pasiwe zege, litapasuka. Ondoa sentimita 30 za udongo mweusi, shindilia murram (udongo mwekundu wa changarawe wa barabarani) kwa tabaka za sentimita 10, malizia na kokoto. Pakaribie nyumba: kwa kuwa mko mashariki, kivuli cha nyumba kinafika hapo alasiri.

Mama Boma: Asanteni sana. Miche tupande lini?

Mkulima wa Maua: Jengeni matuta Februari, myamwagie maji yatulie, mpande mvua za Machi zikishika. Franjipani isubiri hadi mvua ipungue. Kama ni kipande cha tawi, kikae kivulini wiki moja au mbili kidonda kikauke kwanza.